Kanda za Hatari: Mahali Gesi Inapotuama

Katika vituo vya mafuta, kuanzia Usa River hadi Ngaramtoni, mtumiaji hukuta mabango yanayokataza sigara, moto na simu karibu na pampu. Nyuma ya makatazo hayo upo utaratibu unaotumika katika nchi nyingi duniani, wa kugawa maeneo yenye gesi au mvuke unaowaka katika kanda tatu. Tunaueleza hapa kwa sababu mantiki yake inafika hadi jikoni.

Kanda 0 ni mahali ambapo mchanganyiko wa gesi na hewa upo wakati wote au kwa muda mrefu, kama ndani ya tangi la petroli lililofukiwa, juu ya usawa wa mafuta. Kanda 1 ni mahali ambapo mchanganyiko huo hutarajiwa kutokea mara mojamoja katika kazi za kawaida, mathalani kwenye mdomo wa tangi la gari linapojazwa. Kanda 2 ni mahali ambapo hautarajiwi, na ukitokea hudumu kwa muda mfupi tu. Kadiri namba inavyopungua, ndivyo masharti ya taa, mota na swichi zinazoruhusiwa kufungwa mahali hapo yanavyozidi kuwa makali.

Namba hiyo haipimi ukubwa wa mlipuko, bali uwezekano wa gesi kuwapo. Gesi iwakayo katika Kanda 2 huunguza sawasawa na ile ya Kanda 0. Wala barabara ya kawaida haimo katika kanda yoyote. Hata hivyo, tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, na waliopoteza maisha katika moto uliofuata walizidi 100.

Gesi ya mitungi ni propani na butani. Ni nzito kuliko hewa kwa takribani mara moja na nusu hadi mbili, hivyo ikivuja haipandi juu: hushuka, hutambaa sakafuni na kutuama penye shimo. Huweza kuwaka inapofikia takribani asilimia 2 hadi 10 ya hewa ya mahali hapo. Nayo haihitaji kuvuja kwa wingi, kwani lita moja ya kimiminika kilichomo mtungini hutanuka kuwa takribani lita 250 za gesi.

Tabia hiyo ina uzito wa pekee katika miteremko ya Mlima Meru. Nyumba nyingi zimejengwa kwenye ukingo uliochimbwa, zikiwa na vyumba vilivyo chini ya usawa wa ua na mitaro ya maji ya mvua ielekeayo kwa jirani wa chini. Gesi hufuata njia ileile ya maji. Isitoshe, ifikapo Juni na Julai baridi huwafanya wengi wafunge madirisha na kuziba upenyo wa chini ya mlango. (Jiko la mkaa katika chumba cha namna hiyo nalo huua, ingawa kwa njia nyingine.) Mtaalamu hawezi kukipa chumba namba ya kanda kabla ya kutazama mzunguko wa hewa, kwa sababu chumba kilekile hubadilika daraja kikifungwa. Kwa gesi hii tundu la juu pekee halitoshi. Panahitajika upenyo karibu na sakafu, uelekeao nje mahali pasipo na shimo.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia umelenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, hivyo mitungi itazidi kuongezeka majumbani na madukani. Muuzaji anayepanga mitungi kando ya jiko linalowaka au karakana ya kuchomelea vyuma, tunamshauri mtumiaji asinunue kwake.

Nyumbani, mtungi usimame wima, juu ya ardhi, mbali na mtaro. Maungio yapimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Harufu ikisikika, funga vali, fungua milango na madirisha, wala usiguse swichi ya taa, kwani hutoa cheche hata inapozimwa. Toeni watu wote nje, kisha mpige simu ya Zimamoto na Uokoaji, namba 114, mkiwa mbali na nyumba.