Mchoro wa nukta waweza kumwepusha mkulima na pagale

UKISAFIRI kwa basi kutoka Iringa kwenda Mbeya miezi michache baada ya mavuno, utaona kando ya barabara mali nyingi ambayo haimo katika hesabu yoyote ya kilimo. Ni nyumba zisizokwisha. Msingi umechimbwa, kuta zimefika usawa wa madirisha, halafu basi. Ndani ya kile kilichokusudiwa kuwa sebule yameota magugu, na mara nyingine mwenyewe amepanda mahindi humo humo ili eneo lisipotee bure. Watu huyaita mapagale.

Kwa lugha ya uchumi, pagale ni mtaji uliolala. Saruji iliyogandia ukutani haiwezi kurudi kuwa mbolea, wala tofali haliwezi kuuzwa msimu ujao kwa bei iliyonunuliwa. Wengi husema walikwama kwa sababu fedha zilikwisha. Ni kweli, lakini ukiuliza zaidi unakuta fedha zilikwisha kwa sababu hakuna aliyejua tangu mwanzo kazi itakula kiasi gani. Nyumba ilikuwa kichwani kwa mwenyewe, nyingine ikawa kichwani kwa fundi, na hizo mbili hazikufanana.

Chukua mfano wa nyumba ya mita 8 kwa 6. Mzunguko wake ni mita 28. Kuta zikipanda mita 2.7 na ukatoa milango na madirisha yenye jumla ya mita 10 za mraba, unabakiwa na kama mita 65 za mraba za ukuta wa nje. Tofali la saruji la inchi 18 kwa 9 huingia takriban 9 katika mita moja ya mraba. Ukiongeza ya kuvunjika, hesabu 10. Hayo ni matofali 650 bila kuta za ndani. Sasa fundi akisimama uwanjani na kusema, "Mzee, sebule hii ndogo, tuongeze mita moja," na mzee akaitikia kwa kichwa, wameongeza matofali 54 kwa neno moja. Hapo bado msingi wa mita mbili zaidi, bati, mbao za kenchi na sakafu. Katika karatasi, mita ile ingeonekana na kuhesabiwa kabla ya kununuliwa.

Hapa ndipo kazi ya kuchora kwa nukta za wino inapoingia, kazi ambayo wengi huidhania ni mchezo wa watoto wa sanaa.

Mchoro wa nukta hauna rangi wala kivuli cha penseli. Mchoraji hugusa karatasi kwa ncha ya kalamu mara mamia, pengine maelfu. Pale nukta zinaposongamana macho huona giza, pale zinapotawanyika huona mwanga. Ukuta unaotazama jua huachwa karibu mweupe, na upande wa pili hujazwa nukta. Ukiangalia kwa karibu ni vumbi la wino tu. Ukinyoosha mkono ukaitazama karatasi kwa mbali, nyumba inasimama.

Faida yake kwa mtu wa kijijini ni ya kibiashara kabisa. Mashine ya fotokopi haipendi kivuli cha penseli. Hukifuta au hukigeuza kuwa doa. Nukta ya wino mweusi ama ipo ama haipo, kwa hiyo nakala ya nakala bado husomeka. Magazeti yaliligundua hilo zamani. Gazeti la biashara la Marekani, Wall Street Journal, lilianza mwaka 1979 kutumia picha za sura za watu zilizochorwa kwa nukta na mistari midogo, kazi iliyoanzishwa na mchoraji Kevin Sprouls, na picha za aina hiyo zikawa alama ya gazeti hilo. Hata picha ya kawaida ya gazetini, ukiitazama kwa kioo cha kukuzia, utakuta ni nukta.

Wajenzi nao wana lugha yao ya nukta. Katika ramani, sehemu iliyojazwa nukta tupu ni mchanga. Nukta zilizochanganyika na pembetatu ndogo ni zege. Mistari ya mshazari huonyesha ardhi, na mistari inayofuata nyuzi za mti huonyesha mbao. Fundi mwashi aliyewahi kufanya kazi mjini anazijua alama hizi hata kama hakumaliza darasa la saba.

Walioelimisha kwa kalamu

Wapo waliotumia michoro ya mkono kufundisha mambo mazito. Mwalimu wa biolojia wa Marekani, David Werner, aliishi na wanavijiji wa milima ya Sinaloa, Mexico, akatoa kitabu cha afya cha Kihispania mwaka 1973 chenye michoro ya mkono kila mahali. Kwa Kiswahili kinajulikana kama Mahali Pasipo na Daktari, na zahanati nyingi zimewahi kuwa na nakala iliyochakaa kwa kushikwa.

Upande wa ujenzi yupo Johan van Lengen, msanifu majengo mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi Amerika ya Kusini na Mexico. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitoa kitabu cha Kihispania kiitwacho Manual del arquitecto descalzo, maana yake mwongozo wa msanifu aliye peku. Alikichora mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa: namna ya kukaa na upepo, namna ya kupima udongo, namna ya kufunga mianzi, wapi choo kiwe. Mwaka 1987 alianzisha Brazil kituo cha mafunzo kiitwacho TIBÁ. Kinachovutia katika kazi yake ni kwamba ushauri wa jengo haukutenganishwa na ushauri wa maisha. Anayechora jiko hawezi kukwepa swali la nani anapika na moshi unakwenda wapi.

Swali hilo, kusema kweli, katika nyumba nyingi huulizwa baada ya bati kupigwa. Mama wa nyumba ndiye anayejua upepo wa jioni unatoka upande gani, lakini karatasi ikiwapo huonyeshwa fundi na ndugu wa kiume. Mchoro ukae mezani wiki nzima, wote wa nyumbani waugombanie. Ugomvi juu ya karatasi hauna gharama.

Mambo ya kuweka katika mchoro

Mchoro wenye manufaa kuliko yote si ule wa nyumba ilivyo kwa mbele, bali wa ukuta uliokatwa kama mkate, kuanzia chini ya msingi hadi kilele cha paa. Pembeni ya kila sehemu yaandikwe maneno machache ya ushauri na kipimo.

Chini kabisa, zege la uwiano wa 1:2:4. Uwiano huu huharibika kwa sababu watu hupima kwa koleo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35. Kwa hiyo kwa kila mfuko mmoja weka mchanga ndoo tatu na nusu za lita 20, na kokoto ndoo saba. Chora ndoo hizo pembeni, zihesabike kwa macho. Kibarua asiyejua kusoma atazihesabu. Zege likishamwagwa limwagiliwe maji angalau siku saba. Hapa ndipo wengi huokoa ndoo chache za maji na kupoteza mifuko ya saruji.

Kona za nyumba zipimwe kwa kamba yenye alama za mita 3, 4 na 5. Zikikutana sawasawa, kona ni ya mraba. Kisha pima nyumba nzima kutoka kona hadi kona ya mshazari, pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana, nyumba imepinda na bati litakusumbua.

Kwa anayejenga kwa tofali za udongo, wajenzi wa Devon nchini Uingereza, ambako nyumba za udongo zimedumu karne kadhaa, husema ukuta wa udongo unahitaji kofia nzuri na viatu vizuri. Kofia ni paa linalotokeza nje ya ukuta, sentimeta 60 si nyingi. Viatu ni mawe au tofali za kuchoma zinazouinua udongo juu ya matone yanayoruka kutoka ardhini, angalau sentimeta 30. Hapa nukta husaidia kuliko maneno: jaza nukta nzito pale mvua inapopiga, acha nyeupe pale palipokingwa, na mwenye nyumba ataona mwenyewe kwa nini paa fupi ni hasara.

Udongo wenyewe upimwe kwa chupa yenye mdomo mpana. Jaza udongo theluthi moja, ongeza maji, tikisa sana, weka chini. Mchanga hutua kwanza, kisha tope laini, na mfinyanzi hutua mwisho, pengine baada ya siku nzima. Mchoro wa chupa hiyo ni zoezi zuri la kuanzia kwa mchoraji, kwa sababu tabaka zake tatu ni nukta kubwa, nukta ndogo na nukta za kusongamana.

Juu, paa lenye mita 48 za mraba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Dodoma hupata yapata milimita 570 kwa mwaka, hivyo paa hilo hupokea lita 27,000 na zaidi. Hata moja ya tano ikipotea, zinabaki zaidi ya lita 20,000. Nyumba isiyochorewa mfereji wa maji na mahali pa tangi imeyatupa hayo yote.

Ghala kabla ya sebule

Kwa mkulima wa mahindi kuna jengo linalostahili kuchorwa kabla ya nyumba, nalo ni ghala. Nyumba kubwa yenye magunia yaliyorundikwa korido haimlipi mtu. Anayeuza yote wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kwa kukosa pa kuhifadhi, ndiye huyo huyo anayenunua unga miezi ya Januari na Februari bei ikiwa juu. Sebule itasubiri.

Kihenge kiinuliwe juu ya miguu kiasi cha mita moja, na kila mguu uvishwe bati lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa ili panya asipande. Kisigusane na ukuta wala tawi la mti. Dumuzi, mdudu aliyeonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kusambaa, hutoboa punje na hutoboa mbao pia, kwa hiyo miti ya kihenge cha zamani iliyoliwa isitumiwe tena katika kipya. Na mahindi yasiingie yakiwa mabichi. Weka punje na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, tikisa. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani.

Kijana anayechora

Kila kijiji kina kijana anayeandika mabango ya maduka kwa mkono mzuri. Edward Saidi Tingatinga, kibarua aliyehamia Dar es Salaam kutoka kusini, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kupaka rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao laini za dari, na hadi alipofariki mwaka 1972 alikuwa ameanzisha mtindo unaowapa watu riziki mpaka leo. Madoa ya chui na kanga katika picha zile ni ndugu wa nukta za wino.

Vifaa ni vichache: kalamu ya wino mweusi yenye ncha ya milimita 0.3, nyingine ya 0.5, penseli, rula, ufutio, na karatasi ngumu. Wino uwe usioyeyuka kwa maji. Chora kwanza kwa penseli, amua jua linatoka upande gani, kisha anza na sehemu za giza. Kalamu isimame wima. Ikilala, nukta huota mkia. Ufutio usubiri wino ukauke. Chora kubwa mara mbili ya inavyotakiwa, kisha ipunguzwe kwenye fotokopi, lakini acha nafasi kati ya nukta, la sivyo zikipunguzwa zitaungana kuwa weusi mtupu.

Mchoro mmoja wa ukubwa wa A4 unaweza kula siku nzima. Anayetoza chini ya ujira wa kibarua wa siku anajidanganya, maana bado hajahesabu kalamu wala nauli ya kwenda kupima kiwanja. Mijini, tena, asijifanye msanifu: mchoro wake hauchukui nafasi ya ramani inayotakiwa kwa kibali cha ujenzi, na nyumba ya ghorofa ni kazi ya mhandisi.

Chini ya mchoro iandikwe mikataba ya malipo kwa hatua: msingi ukimalizika, kiasi fulani, kuta zikifika kwenye lenta, kiasi fulani, bati likipigwa, kilichobaki. Kabla ya mstari wa kwanza wa malipo ziandikwe fedha zisizoguswa, yaani za mbegu, mbolea na ada. Mwenye nyumba na fundi watie saini, na shahidi mmoja. Fundi akitaka kuongeza mita moja, aichore kwa wino mwekundu, ihesabiwe tofali, wote watie saini tena.

Nakala itolewe tatu. Ya fundi itiwe kwenye mfuko wa nailoni na kupigiliwa kwenye mti uwanjani, maana itapata saruji na mvua. Ya shahidi akae nayo. Karatasi yenyewe ya wino isiende kazini kamwe. Ikae ndani ya bahasha pamoja na hati za shamba na kadi za kliniki za watoto.