Mdudu wa Kidole Asije Akala Mfupa

Mama amechomwa na mwiba wa samaki jikoni kwake Msambweni. Mkulima wa mwani wa Kibuyuni amejikata kwa jiwe la matumbawe. Wote wawili huosha kidole na kuendelea na kazi. Siku ya tatu ncha ya kidole huvimba, hupwita usiku kucha, na usingizi hauji. Jirani husema ni mdudu, na kidole hutiwa ndani ya ndimu, kungojewa kipasuke chenyewe.

Kwa hakika hamna mdudu humo, bali usaha. Nyama ya ncha ya kidole imegawanyika vijumba vidogo vyenye kuta ngumu. Usaha ukijaa hukosa pa kutokea, hubana mishipa ya damu, na mfupa usiopata damu hufa. Kidole kikipasuka maumivu hupungua, mtu akadhani amepona, kumbe kipande cha mfupa mfu kimebaki ndani na kidonda hakifungi.

Mwenye kisukari na asingoje hata siku moja, kwani huenda asihisi maumivu. Huko Dar es Salaam, kati ya 1998 na 2002, madaktari waliandika habari za wagonjwa wa kisukari ambao majeraha madogo ya mkono yaliwafikisha kukatwa viungo, na wengine kufariki. Wengi walichelewa kufika hospitali. Mtoto mwenye selimundu naye akivimba vidole, apelekwe mapema.

Daktari hupasua, hutoa usaha na kuupeleka maabara ijulikane dawa gani itaufaa. Huuliza pia kuhusu sindano ya pepopunda. Mfupa ukiwa umeingiliwa, dawa huendelea kwa wiki kadhaa, mara nyingi 4 hadi 6, na kipande kilichokufa huondolewa. Usikatize dawa kwa kuwa uvimbe umeshuka.

Jambo moja huwapotosha wengi: picha ya eksirei ya siku za mwanzo huweza kuonyesha mfupa mzima, kwa kuwa dalili za kuharibika huchukua kama wiki 2 kuonekana. Kwa hiyo kidole kikiendelea kuuma au kutoa usaha, rudi ukapigwe picha ya pili, nawe uende na ile ya kwanza ili zilinganishwe.

Basi tenga bahasha moja nyumbani. Weka humo picha zote, majibu ya maabara, majina ya dawa na tarehe uliyoumia. Kila baada ya siku chache piga picha ya kidole kwa simu. Kwa anayeumia kazini, kama katika hoteli za Diani, bahasha hiyo ni ushahidi pia: mwarifu mwajiri mara moja, maana sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi haki ya fidia.

Kuhusu udhu, usilowanishe kidonda kwa hofu ya swala. Dini imemwekea mgonjwa wepesi, na sheikh wa msikiti wako atakueleza namna yake. Kidole ni amana. Tawakkul ni kumtegemea Mwenyezi Mungu baada ya kufika kwa daktari, wala si kukaa na ndimu kidoleni.