Ngoma Ivumayo Sana: Namna ya Kuchagua Kemshafti ya Gari Kongwe



Hakuna kati yetu hapa Marekani asiyeijua sauti ile. Jioni ya kiangazi hupita barabarani Chevrolet au Pontiac ya zamani, na isimamapo kwenye taa nyekundu injini yake huguruma kwa mapigo ya kusitasita, mithili ya ngoma. Kijana aisikiapo husema moyoni, "Na langu litalia vivyo hivyo." Maadam katika jamii yetu wamo wanaoyanunua magari hayo kwa akiba ya jasho lao, tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo lifanyalo sauti hiyo, yaani kemshafti, na namna ya kuichagua kwa ajili ya gari litakalotembea mitaani. Tunasema hivyo tukiwa wenye kujua, kwani sisi wenyewe tuliwahi kuichagua kwa masikio, na nusura tujute maisha yetu yote.

Kazi ya kemshafti

Kemshafti ni mtaimbo wa chuma uliolala ndani ya injini, baina ya safu mbili za silinda. Huzungushwa na krenki kwa njia ya cheni, nayo huzunguka mara moja kila krenki izungukapo mara mbili. Katika injini ya silinda 8 za aina tunayoizungumzia, mtaimbo huo una nundu 16: nane za valvu za kuingizia hewa na petroli, na nane za valvu za kutolea moshi. Nundu ipandapo husukuma tapeti, tapeti husukuma ufito, ufito huisukuma roka, na roka huifungua valvu. Umbo la nundu ndilo liamualo valvu ifunguke lini, ifunguke kiasi gani, na ikae wazi kwa muda gani.

Injini iendayo mbio ina muda mfupi mno wa kuvuta pumzi. Ili ijae vizuri, yafaa valvu zake zikae wazi kwa muda mrefu. Lakini injini hiyo hiyo iendapo polepole, valvu ya kuingizia ikichelewa kufungwa, pistoni ipandayo huirudisha hewa ilikotoka, na nguvu hupotea. Tena kuna kitambo ambapo valvu zote mbili huwa wazi kwa pamoja. Kitambo hicho kikirefuka, moshi huchanganyika na hewa mpya, na sailensa ya gari huyumba. Ile ngoma tuipendayo, basi, ni sauti ya injini inayopumua kwa taabu katika mwendo ambao haikuandaliwa. Kila kemshafti hutoa huku ikachukua kule. Hakuna itoayo pande zote.

Funzo la kiwandani

Magari haya ya nguvu yalishika umaarufu kuanzia mwaka 1964, Pontiac ilipoitoa GTO. Mwaka 1967 Chevrolet ikaitoa Camaro Z/28, ambayo injini yake ilikuwa na ujazo wa inchi 302, ili ikubalike katika mashindano ya Trans-Am yaliyoruhusu injini zisizozidi lita 5. Kemshafti yake hujulikana hadi leo kwa jina la "Duntov 30-30", kutokana na mhandisi Zora Arkus-Duntov, na kutokana na nafasi ya inchi 0.030 iliyoachwa katika valvu za pande zote mbili.

Ilikuwa kemshafti kali, iliyozaliwa kwa ajili ya mizunguko ya juu. Lakini tazameni kiwanda kilivyoifunga na masharti: Z/28 hiyo iliuzwa kwa gia za mkono tu, haikupatikana kwa gia otomatiki wala kwa kipoza hewa, na difu yake ya kawaida ilikuwa ya uwiano wa 3.73. Waliojua walitambua kwamba kemshafti haichaguliwi peke yake. Huchaguliwa pamoja na gia, difu, mgandamizo wa silinda, na kazi ya gari.

Kosa letu

Sisi tulikuwa na Chevrolet Nova ya mwaka 1972, yenye injini ya inchi 350, gia otomatiki na difu ya 3.08. Yafaa ikumbukwe kwamba kampuni ya General Motors ilipunguza mgandamizo wa injini zake kuanzia magari ya mwaka 1971, ili ziweze kutumia petroli yenye risasi kidogo au isiyo na risasi. Hivyo injini yetu ilikuwa na mgandamizo wa 8.5 kwa 1 tu. Hayo hatukuyajali. Tuliagiza kemshafti ya nyuzi 234 upande wa kuingizia na 244 upande wa kutolea, kwa sababu tuliisikia katika gari la jirani na ikatupendeza.

Sauti tuliipata. Lakini gari lilipoteza nguvu tangu kuondoka hadi mizunguko 3,000 kwa dakika. Mlimani lilijikokota, nayo petroli liliinywa kama mtu aliyefungua saumu. Hayo tuliyavumilia. Lililotuzindua ni la breki.

Breki za gari letu husaidiwa na mvuto wa hewa utokao katika manifoldi. Injini yenye kemshafti ya kiwandani, ikiwa katika sailensa, aghalabu huvuta inchi 17 hadi 21 za zebaki. Yetu sasa ilivuta inchi 9. Asubuhi moja, katika foleni karibu na shule, tulikanyaga breki mara ya kwanza ikashika, mara ya pili ikashika kwa shida, na mara ya tatu pedali ikawa ngumu kama jiwe. Gari lilisimama kwa sababu tulilikanyaga kwa miguu yote miwili, nalo lilikuwa limekwisha kuupita mstari wa kivuko. Watoto wetu walikuwa kiti cha nyuma, na watoto wa wenzetu walikuwa ukingoni mwa barabara. Hapakuwa na aliyedhurika, alhamdulillahi. Lakini siku ile tuliacha kuiona sauti ile kuwa ni uzuri.

Kuisoma karatasi ya kemshafti

Kila kemshafti mpya huja na karatasi ya vipimo. Hapana budi mnunuzi aelewe mambo matatu.

La kwanza ni muda wa valvu kuwa wazi, upimwao kwa nyuzi za mzunguko wa krenki. Jihadharini: watengenezaji hutangaza nyuzi kubwa zilizopimwa kila mmoja kwa namna yake. Kipimo cha haki cha kulinganishia ni kile kianziacho tapeti inapokuwa imepanda inchi 0.050. Kwa injini ya inchi 350, nyuzi zisizofika 205 hutulia karibu kama za kiwandani. Kati ya 205 na 220 ni kemshafti ya mtaani yenye uchangamfu. Ikifika 225 hadi 235 sailensa huyumba waziwazi, na gari huhitaji mgandamizo mkubwa na difu fupi zaidi. Zaidi ya 240 tuwaachie wenye viwanja vya mashindano. Injini kubwa zaidi, kama ile ya inchi 454, huimeza kemshafti hiyo hiyo ikaonekana pole.

La pili ni kimo cha valvu kuinuka. Spring za kawaida za injini hizi hazikuandaliwa kwa kimo kikubwa. Kikipita kiasi cha inchi 0.450, hapana budi spring zikaguliwe zisije zikabanana, na ipimwe nafasi baina ya valvu na pistoni.

La tatu ni pembe iliyopo baina ya kilele cha nundu ya kuingizia na kile cha nundu ya kutolea. Pembe ya nyuzi 112 hadi 114 hutuliza sailensa na kuhifadhi mvuto wa hewa. Pembe ya 106 au 108 huzidisha ngurumo na kupunguza mvuto. Mwenye breki za kusaidiwa asishuke chini ya 112 kwa sababu ya sauti.

Kujua injini yako huishi wapi

Gari la mtaani huishi kati ya mizunguko 1,500 na 3,500 kwa dakika. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua mwendo kwa maili, zidisha kwa uwiano wa difu, zidisha kwa 336, kisha gawanya kwa kimo cha tairi kwa inchi. Hesabu hii ni ya gia ya juu isiyo na ovadraivu. Kwa gari letu, maili 60 kwa saa, difu ya 3.08 na tairi ya inchi 26, jibu ni kama 2,400. Kemshafti tuliyoinunua ilikuwa haijaanza kazi yake. Tungekuwa na difu ya 3.73, jibu lingekuwa 2,900, na hata hapo ingekuwa bado inasinzia.

Mgandamizo nao usisahauliwe. Kadiri valvu ya kuingizia inavyochelewa kufungwa, ndivyo hewa inavyotoroka kabla ya kubanwa. Injini yenye mgandamizo mdogo ikitiwa kemshafti kubwa hupoteza mara mbili. Kwa gia otomatiki iko pia konvata: ile ya kawaida huikaba injini inaposimama kwenye taa, na yenye kemshafti kubwa huzimika.

Kuifunga

Kemshafti nyingi za injini hizi hutumia tapeti za bapa. Tapeti mpya ziende na kemshafti mpya. Za zamani zisiguse nundu ambayo hazikukua nayo. Nundu na nyuso za tapeti zipakwe ile grisi maalumu ya kuanzia. Mafuta na kabureta viandaliwe mapema, ili injini iwake mara moja bila kuzungushwa kwa starta kwa muda mrefu. Ikiwaka, isiachwe katika sailensa: ipandishwe hadi mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20, kwa kupandisha na kushusha kidogo, kwani nundu hulowa mafuta yarushwayo na krenki. Kisha mafuta na filta vibadilishwe. Mafuta yawe yenye zinki na fosforasi ya kutosha, kwa maana mengi ya magari ya kisasa yamepunguziwa madini hayo ili kuvihifadhi vichujio vya moshi. Anayepuuza hayo hulika nundu zake, na unga wa chuma ukasambaa injini nzima. Injini ndogo za V8 za Chevrolet zilianza kutumia tapeti za magurudumu mwaka 1987, na kwazo hatari hii ni ndogo mno.

Tulipoishia

Tuliitoa ile kemshafti na kuilipia gharama mara ya pili: gasketi, tapeti, mafuta, na siku mbili za mapumziko yetu. Safari hii tulitia ya nyuzi 204 na 214, yenye pembe ya 112. Mvuto wa hewa ulirudi inchi 17. Gari liliondoka kwa wepesi kuliko siku tulipolinunua, mlima likaupanda bila kulalamika, na breki zikashika kwa mguu mmoja. Jirani yetu aliuliza kwa nini tumeirudisha ya kiwandani. Hatukubishana naye.

Basi, ndugu zetu, kabla ya kutoa fedha, andikeni katika karatasi uzito wa gari, ujazo wa injini, mgandamizo, aina ya gia, difu, kimo cha tairi, aina ya breki, na ni nani atakayepanda gari hilo kila siku. Mpelekeeni muuzaji karatasi hiyo. Na mkiachiwa mchague kati ya mbili, chukueni iliyo ndogo. Wahenga walisema ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Wasaa wa kusikiliza ngoma za wengine barabarani utakuwepo. Wetu sisi ni kuwafikisha watoto shuleni na kuwarudisha nyumbani salama.

Tukutane toleo lijalo, inshallah.