Jua la Voi pekee halitoshi kulinda mifupa ya wanaoishi na virusi vya Ukimwi

VOI ni mji usiokosa jua. Hivyo basi, mkazi wa Taita Taveta anayeishi na virusi vya Ukimwi aweza kushangaa akiambiwa kuwa huenda amepungukiwa na vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza inapopigwa na jua.

Vitamini hiyo huuwezesha utumbo kufyonza kalsiamu, madini yanayoipa mifupa ugumu. Ikipungua, mwili huchota kalsiamu kutoka mifupani.

Anayeshinda dukani au ofisini hupata jua kidogo, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani. Isitoshe, virusi vyenyewe hudhoofisha mifupa. Efavirenz, dawa iliyotumiwa na wengi nchini Kenya kabla ya dolutegravir kuanza kuchukua nafasi yake mnamo 2018, huharakisha kuvunjwa kwa vitamini D mwilini. Nayo tenofovir, ambayo wagonjwa wengi wangali wanaimeza, hupunguza uzito wa mifupa kwa kiasi kidogo, hasa mwaka wa kwanza na wa pili, kisha hali hutulia.

Hata hivyo, hiyo si sababu ya kuacha dawa. Anayeziacha huvipa virusi nafasi ya kuzaana upya, na madhara yake huzidi mno yale ya mifupa.

Je, tembe za vitamini D zafaa? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba wagonjwa 165 walipoanza tiba ya efavirenz na tenofovir, waliopewa pia vitamini D na kalsiamu walipoteza takriban nusu tu ya uzito wa mfupa wa nyonga ambao wenzao walipoteza.

Lakini tembe hizo si dawa ya kila ugonjwa. Jijini Dar es Salaam, kati ya 2014 na 2017, watu wazima 4,000 waliokuwa na kiwango cha chini cha vitamini hiyo walishirikishwa katika utafiti walipoanza kutumia ARV. Ilibainika kuwa haikupunguza vifo wala kifua kikuu.

Aidha, vitamini D ikizidi huongeza kalsiamu katika damu na kudhuru figo. Kwa hivyo, ni heri mgonjwa aulize kliniki yake kabla ya kununua tembe dukani. Maziwa, omena waliwao pamoja na mifupa, kutembea kila siku na kuepuka sigara na pombe ni kinga ambayo kila mtu aweza kuianza leo.