Pampu ya Buluu Ikiisha Haraka, Sema

Wale wetu tuliovuka Malaba na Busia mwanzoni mwa 2008, tukakaa Mulanda kabla ya kuletwa Kiryandongo, tunaikumbuka ile barabara. Foleni ya malori, moshi wa dizeli, vumbi, na jioni moshi wa mkaa juu yake. Wenyeji wa Kwapa wanaishi na hali hiyo mwaka mzima. Kwa mtoto mwenye pumu, hewa kama hiyo ni taabu.

Mambo huenda hivi. Usiku kifua kinalia filimbi, mtoto anakimbizwa zahanati, anapuliziwa dawa, anatulia. Mama anarudi na pampu ya buluu, yaani salbutamol, ile wengi tunaiita Ventolin. Ikiisha ananunua nyingine duka la dawa. Leo upande wa Uganda, mwezi ujao upande wa Kenya, popote penye nafuu. Kila muuzaji anaona pampu moja tu. Jamani, nani anahesabu?

Na hesabu ndiyo yenye habari. Pampu moja ina mipulizo 200. Mtu akimaliza pampu 3 au zaidi kwa mwaka, hatari ya kushikwa vibaya na kulazwa hospitali inapanda. Akifikia 12, yaani moja kila mwezi, hatari ya kufa nayo inapanda. Uchunguzi wa vifo vya pumu Uingereza, uliotolewa 2014, uliwaangalia wagonjwa 165 waliokuwa na dawa ya kutuliza na ambao idadi ya pampu zao ilijulikana: 65 walikuwa wameandikiwa zaidi ya 12 kwa mwaka. Huko Uingereza, ambako gari la wagonjwa huitwa kwa simu!

Si kwamba pampu ya buluu ni sumu. Inalegeza misuli iliyobana mirija ya hewa, nafuu inakaa saa 4 hadi 6 hivi. Lakini ndani ya mirija kuna uvimbe na makamasi, na hayo haiyagusi. Unapumua vizuri, unadhani umepona, kumbe uvimbe unaendelea. Unaoutuliza ni dawa ya kuzuia, kama beclometasone au budesonide, inayovutwa kila siku hata ukiwa mzima. Haileti nafuu papo hapo, ndiyo maana wengi huitupa baada ya wiki moja wakisema ati haifanyi kazi. Ivumilieni wiki kadhaa, na baada ya kuvuta sukutua mdomo, usipate fangasi. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haushauri tena mtu mzima au kijana kutibiwa kwa pampu ya buluu peke yake. Na ugonjwa huu si wa wachache: utafiti wa Uganda uliotolewa 2019 ulikuta pumu kwa kama watu 11 katika kila 100 wenye miaka 12 na kuendelea.

Kwa mtoto, dawa nyingi huishia mdomoni. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita inasaidia sawa na chombo cha dukani. Toboa kitako kwa waya wa moto, tundu liikamate pampu vizuri. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe bila kufuta. Mtoto anaweka mdomo shingoni mwa chupa, unapuliza mara moja, anavuta pumzi tano au sita, ndipo unapuliza tena.

Basi ukienda kliniki, beba pampu zako zote, hata tupu, hata ulizonunua ng'ambo ya mpaka. Mwambie mganga umemaliza ngapi tangu mwaka uanze, na umuulize kuhusu dawa ya kuzuia. Lakini mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani akivuta hewa, au midomo ikigeuka rangi, usingoje asubuhi. Tafuta bodaboda, na endelea kumpulizia njiani.