Kupaka Rangi Kura: Mbona Kwetu Kote Rangi Moja?

Sehemu ya tatu

Sehemu mbili zilizopita zilihusu vifaa: faili la mipaka, jedwali la matokeo, na programu ya QGIS inayoviunganisha bila kumdai mtu hata faranga moja. Leo naanza na swali nililoulizwa nyumbani kwangu Kamembe. Jirani yangu, mama anayevusha samaki wa sambaza kwenda Bukavu kila asubuhi, alinikuta nimetandaza ramani mbili za uchaguzi mezani. Moja ilikuwa Kongo ya mwaka 2006, upande mmoja buluu, upande wa pili rangi ya chungwa. Nyingine ilikuwa wilaya yetu ya Rusizi, Rwanda, na kata zake 18. Aliziangalia kwa zamu, kisha akasema: "Mwalimu, mbona ng'ambo kuna rangi mbili na huku kwetu kote ni moja? Bado hujaimaliza?"

Nilikuwa nimeimaliza. Jibu lake ndilo makala haya.

Tuanze ng'ambo, kwa sababu ramani hiyo ndiyo iliyonitia kiu ya kazi hii. Tarehe 29 Oktoba 2006 Wakongo walirudi vituoni kwa duru ya pili ya uchaguzi wa rais, Joseph Kabila dhidi ya Jean-Pierre Bemba. Wakati huo nchi ilikuwa na mikoa 11. Kabila alishinda mitano: Katanga, Maniema, Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Orientale. Bemba alishinda sita, Kinshasa ikiwemo. Anayehesabu vipande vya rangi atasema Bemba ndiye rais. Kumbe Kabila alipata asilimia 58.05 ya kura zote, maana ngome zake zilimpa karibu kila kitu. Kivu zote mbili zilimpa zaidi ya asilimia 90, wakati Kinshasa na Bandundu, ingawa zilipakwa rangi ya Bemba, zilikuwa na wapiga kura wengi wa Kabila waliofunikwa na rangi hiyo.

Sasa weka ramani ya lugha juu yake. Mashariki panapozungumzwa Kiswahili ni kwa Kabila. Magharibi ya Kilingala, Kikongo na Chiluba ni kwa Bemba. Mistari miwili inakaribia kulaliana, na wengi huishia hapo wakasema watu walipigia kura lugha. Nami nilisema hivyo kwa miaka, na sasa naamini nilikosea. Mashariki ndiko vita vya 1996 na 1998 vilikoanzia na kukaa, na Kabila alikwenda huko akijinadi kama mtu aliyeleta amani. Bemba alitoka katika uongozi wa waasi wa MLC. Muuza ndizi wa Bukavu aliingia kituoni akiwa na kumbukumbu hizo, na alikuwa Mswahili hata kabla hazijampata. Ramani inaonyesha kwamba mambo mawili yamekaa mahali pamoja. Lipi limezaa lipi, hilo halimo ndani ya rangi, na mchoraji asiyewaambia watazamaji wake hivyo amewaacha wajipotoshe wenyewe.

Turudi kwetu. Tarehe 15 Julai 2024 Wanyarwanda walipiga kura mbili siku moja. Katika kura ya rais, Paul Kagame alipata asilimia 99.18, Frank Habineza 0.50 na Philippe Mpayimana 0.32. Ramani ya mshindi hapo ni karatasi ya rangi moja hata kabla hujawasha kompyuta. Na hapa ndipo kishawishi kinapoingia. Ukiiacha programu ijiamulie, itachukua thamani ndogo kabisa na kubwa kabisa, itagawa kilicho kati yake katika madaraja matano, kisha itapaka kutoka nyeupe hadi rangi iliyokolea. Tuseme kata moja ina 98.6 na jirani yake ina 99.6. Ya kwanza itatoka nyeupe pe, ya pili nzito kama damu ya mzee. Mtazamaji ataapa kuwa kata hizo zimepasukana, na tofauti yenyewe ni mtu mmoja katika mia.

Ndiyo maana nashikilia kwamba madaraja ya rangi yawekwe kabla ya kuyaona matokeo. Mimi nagawa kumi-kumi, kutoka 0 hadi 100, na daraja halibadiliki kwa sababu tu ramani imetoka butu. Ikitoka rangi moja, basi hiyo ndiyo habari.

Lakini chukua kura ya pili ya siku ileile, ya wabunge. Orodha ya FPR, chama cha Kagame, na washirika wake ilipata asilimia 68.83, viti 37 kati ya 53 vinavyogombewa kwa orodha za vyama. Vilivyobaki viligawanywa kwa PL, PSD, PDI, chama cha Kijani na PS Imberakuri. Wapiga kura ni walewale, siku ni ileile, na kura moja imeachana na nyingine kwa alama 30. Sababu inajulikana: PL, PSD na PDI vilimuunga mkono Kagame kwa urais, huku vikiwa na orodha zao za bunge. Kwa hiyo rangi moja niliyomwonyesha jirani yangu ilikuwa jibu la swali moja tu, "nani ameshinda urais?" Ukiuliza lingine, Rwanda ileile inapata vivuli.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ni mgumu zaidi, na kwangu ndio mtamu zaidi. Huko wagombea husimama kama watu binafsi, bila chama. Kwa hiyo ile njia ya wenzetu wa Uganda, njano kwa NRM na nyekundu kwa NUP, haina pa kushika. Katika umudugudu, yaani kijiji, watu hujipanga nyuma ya mgombea wanayemtaka. Nimesimama katika mistari hiyo. Asubuhi, nyasi bado zina umande, mgombea ameelekeza uso mbele ili asione nani kasimama nyuma yake, na msimamizi anapita akihesabu vichwa kwa sauti, wote tunahesabu pamoja naye kimoyomoyo. Wakenya wakisikia habari hii hukumbuka mlolongo wa 1988, mchujo wa chama cha KANU ambapo aliyefikisha asilimia 70 alipita moja kwa moja, na ambapo watu walishuhudia mstari mrefu ukitangazwa kuwa mfupi. Mstari hauachi karatasi. Ukishatawanyika, kilichobaki ni namba iliyoandikwa. Kwa mchoraji hilo lina maana moja: namba ya mstari ichukuliwe palepale, siku ileile, nawe ukiwapo.

Basi upake nini? Upake walijitokeza wagombea wangapi, maana mahali penye mgombea mmoja na penye wanne si sawa hata kama wote wamepata kiongozi. Upake kama aliyekuwapo amerudi. Upake kama ni mwanamke. Katiba ya 2003 inataka wanawake wasipungue asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi, na mwaka 2013 bungeni walifika asilimia 64. Hapo ramani ya vijiji vya kata moja, iliyojazwa kwa miguu na kalamu za rangi, inaeleza jambo ambalo jumla ya taifa hailigusi. Daftari langu la kata ya Gihundwe lilianza hivyo, na sijutii viatu vilivyokwisha.

Kuhusu rangi zenyewe nitasema kidogo. Mara chache dola yenyewe humrahisishia mchoraji kazi. Katika kura ya maoni ya Kenya ya 2005 alama zilikuwa ndizi na chungwa, na chungwa likashinda kwa takriban asilimia 58. Mwaka 2010 "ndiyo" ilikuwa kijani na "hapana" nyekundu. Nani angechora kwa rangi nyingine? Hata hivyo, kijani na nyekundu ni jozi mbaya. Wapo watu, wengi wao wanaume, ambao macho yao hayazitofautishi, na gazeti likichapwa kwa wino mweusi zote mbili zinakuwa kijivu kimoja. Buluu na chungwa huwafaa watu wengi zaidi.

Na hapa Cyangugu, jina la zamani la eneo letu, kuna rangi ambayo siitumii kabisa. Mwaka 1994, kuanzia Juni hadi Agosti, Wafaransa walichora kwenye ramani eneo lililochukua Cyangugu, Kibuye na Gikongoro, wakaliita Turquoise, jina la rangi ya feruzi. Waliokuwa hapa wanajua kilichotendeka ndani ya mstari huo na nani alipita kwenye madaraja ya Rusizi kwenda Bukavu. Programu ina feruzi nzuri sana katika orodha yake. Sitaipaka juu ya jina la mahali hapa.

Kuna pia tatizo la ardhi. Kata ya Bweyeye, kule kwenye mpaka wa Burundi, imejaa msitu wa Nyungwe. Kwenye karatasi inaitawala wilaya, wakati Kamembe yenye mji na soko ni kipande kidogo unachoweza kukifunika kwa kidole gumba. Ukipaka kata nzima umewapa rangi sokwe na miti. Kenya wanalo tatizo hilo kwa ukubwa wake: Turkana ni kubwa kuliko Nairobi mara mia hivi, lakini mwaka 2022 Nairobi ilikuwa na wapiga kura zaidi ya milioni 2.4 na Turkana chini ya laki mbili na nusu. Dawa ninayoipenda ni duara: kata zote ziachwe nyeupe, kisha katikati ya makazi, wala si katikati ya kata, uweke duara ambalo ukubwa wake ni idadi ya wapiga kura na rangi yake ni matokeo. Nkombo, kisiwa chetu ziwani, nacho kinapata duara lake kavu, bila kupaka rangi maji ya Kivu.

Onyo la mwisho kwa leo limenigharimu aibu. Mwaka juzi nilimpa rafiki ramani ya mahudhurio, naye akaniuliza kwa nini kata ya Muganza, jirani na Bugarama, ilikuwa na wapiga kura wasiolingana na kitu chochote. Kumbe nilikuwa nimeunganisha jedwali kwa majina. Kuna Muganza ya Rusizi, kuna ya Gisagara, kuna ya Nyaruguru. Rwimbogo ipo kwetu na ipo Gatsibo. Butare ni kata yetu ya milimani, na pia ni jina ambalo nchi nzima hulitumia kwa mji wa Huye. Tangu siku hiyo naunganisha kwa namba za utawala, ambazo kwa Rusizi huanza na 36, na kabla ya kupaka rangi nahesabu kata: zisipokuwa 18, nasimama.

Namba hizo, hata hivyo, zinafaa kuanzia mageuzi ya 2006 tu, wilaya 106 zilipofanywa 30 na mkoa wa Cyangugu ukagawanywa kuwa Rusizi na Nyamasheke. Sehemu ya nne itarudi nyuma zaidi, hadi uchaguzi wa komuni 229 wa Juni na Julai 1960. Chama cha PARMEHUTU kilichukua viti 2,390 kati ya 3,125, na chama cha UNAR kilisusia. Tutaona jinsi ya kuwachora watu ambao hawakwenda kupiga kura.