Kumpiga Picha Ndege wa Porini Bila Kumfukuza Kiotani

Ufukwe wa Bukoba hauishiwi ndege. Mnandi hukausha mabawa juu ya mawe, mdiria husimama angani kabla ya kujitosa majini kudaka samaki, na yangeyange hutembea taratibu mahali Mto Kanoni unapoingia ziwani. Kwa kuwa simu zenye kamera ziko mikononi mwa wengi, wakazi kadhaa wameanza kuwapiga picha ndege hao. Ni jambo jema, ila lina utaratibu wake.

Wapigapicha wengi husifu mwanga wa asubuhi. Ufukweni Bukoba sifa hiyo haifai sana: ziwa liko mashariki, hivyo jua la asubuhi humkabili mpigapicha na ndege aliye majini hutoka kama kivuli cheusi. Inafaa kusubiri kuanzia saa 9 alasiri, jua likiwa mgongoni. Asichelewe mno, kwani vilima vya magharibi mwa mji hulificha jua mapema. Mialo ya Muleba inayotazama mashariki ina hali hiyohiyo.

Anayejifunza si lazima aende mbali. Kibanja chenye migomba na mibuni kinatosha, maana chozi hulifuata ua la mgomba kunyonya utamu wake. Mpigapicha avae nguo zisizong'aa, aketi karibu na ua hilo na kutulia. Ndege humzoea aliyekaa kimya, humkimbia anayenyatia. Kuikuza picha kwa vidole kwenye simu hakumsogezi ndege, huifanya picha ikose uangavu tu. Mwenye kamera aelekeze shabaha kwenye jicho la ndege, na kwa ndege anayeruka atumie kasi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde au zaidi.

Jambo zito zaidi liko kwenye mabonde yenye maji. Humo hutaga korongo mwenye taji, yule aliye katika bendera ya Uganda, ambaye tangu 2012 amo katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kiota chake hukaa chini, katikati ya nyasi na mafunjo, na wazazi wote wawili huatamia kwa takriban mwezi mmoja. Mtu akikikaribia, wazazi huondoka, mayai hubaki wazi, na nyasi zilizokanyagwa huwa njia ya mbwa na ya wezi wa makinda. Kwa hiyo picha za kiotani zisipigwe kabisa. Korongo akinyoosha shingo, akiacha kula au akipiga kelele, mtu amekwisha kukaribia kupita kiasi na arudi nyuma.

Aidha, simu nyingi huhifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa. Kabla ya kuisambaza, mwenye simu azime huduma hiyo na asitaje jina la bonde.

Anayetaka ndege wa misitu ya Kongo, wengi wao wasioonekana kwingineko nchini, huwapata Minziro, wilayani Misenyi, kwa kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, iliyoanzishwa 2019, iko chini ya TANAPA na ina viingilio vyake.

Kukamata ndege pori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Mkazi anayeona makinda ya korongo yakibebwa au kuuzwa amjulishe Mtendaji wa Kata au Ofisa Wanyamapori wa Wilaya siku hiyohiyo, kwani makinda hayaishi muda mrefu ndani ya gunia.